Zulia Lina Bima, Mguu wa Mume Wangu Hauna

Mpendwa Mama Cherotich,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya hospitali ninakofanya kazi, saa ya chakula cha mchana, kwa sababu nyumbani kwangu siku hizi huwezi kushika kalamu bila kuulizwa unamwandikia nani, na jibu lako nalihitaji kabla mwezi huu wa Novemba haujaisha, na sababu nitakueleza. Jina langu usiliandike gazetini. Hapa Stafford Wakenya tunajuana hata kwa magari. Mume wangu tumwite Elphas, ingawa si jina lake, na wengine pia nimewabadilisha majina.

Elphas ni fundi wa rangi. Tulipofika Texas alianza kwa kubeba maboksi kwenye ghala kule Grand Prairie, akafundishwa kupaka rangi na rafiki yake Dedan, kisha mimi nilipopata kazi ya uuguzi huku Houston tukahama na yeye akajiajiri, na sisemi kwa sababu ni mume wangu, lakini akimaliza chumba huoni tone hata moja sakafuni. Kwa mambo ya bima si mtu mzembe, nataka ulijue hilo usije ukamdharau. Pikapu ina bima. Ngazi zake na mashine ya kupulizia rangi zina bima, zikiibiwa atalipwa. Mali ya wateja ina bima, akivunja dirisha la mtu au akimwaga rangi mahali pasipotakiwa kampuni inalipa, maana bila karatasi hiyo makontrakta wakubwa hawamruhusu kukanyaga nyumba zao. Na zaidi ya hayo yumo kwenye chama chetu cha kusafirisha miili nyumbani, hajawahi kukosa mchango hata mmoja, na yeye ndiye husimama kwenye matanga kuwahimiza watu watoe, na hicho chama ndicho anachokiita bima yake mwenyewe. Ukimuuliza habari za mwili wake akiwa hai anakujibu, "Kwani mimi naumwa lini?"

Sasa Mama, mimi kazini kwangu nina bima nzuri ya hospitali. Watoto wetu wamo. Kila Novemba tunapewa nafasi ya kubadilisha mambo, na mke anaweza kumwingiza mume au mume amwingize mke, na kila Novemba nimemwambia Elphas nimwingize, naye anakataa kwa sababu moja tu, kwamba kadi inakuja na jina langu juu. Najua utacheka. Mimi nilicheka mwaka wa kwanza.

Lakini ngoja nikwambie ilivyoanza. Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na nyama choma Missouri City, mwezi wa saba, watu wengi, na Dedan alikuwa ameteremka kutoka Grand Prairie na familia yake. Katika mazungumzo ya meno Dedan akatoa kadi yake ya bima kumwonyesha mtu namba ya simu ya daktari, Elphas akamnyang'anya, akaisoma kwa sauti, na juu kulikuwa na jina la mke wa Dedan, Charlotte, ambaye pia ni muuguzi. Basi Elphas akasimama na koleo la nyama mkononi akasema, "Wazee, hebu tumkaribishe Bwana Charlotte! Jamaa amekaliwa chapati na mke mpaka hospitali!" Watu walicheka mpaka wengine wakaweka sahani chini. Tangu siku hiyo Dedan wa watu ni Bwana Charlotte, hapa, Dallas, hata kanisani, na watoto wadogo wanadhani ndilo jina lake. Yeye mwenyewe alicheka na kusema, "Sawa tu, lakini jino langu limezibwa." Kwa hiyo unaona, Mama, mume wangu alijijengea ukuta kwa mdomo wake mwenyewe, na kila nikifungua hiyo habari ananiuliza, "Unataka na mimi waniite Bwana nani?"

Mwezi wa tisa alianguka. Alikuwa Sugar Land, kwenye nyumba ya mama mmoja mtu mzima, nyumba zile ambazo ukiingia mlangoni dari iko juu kama ya kanisa na ngazi za nyumba zinapinda kuelekea ghorofani. Mguu mmoja wa ngazi yake ya kazi aliuweka kwenye kidato, mwingine akauinua kwa kipande cha ubao, jinsi mafundi wanavyofanya kila siku na kila siku wanakwambia haiwezi kuteleza. Iliteleza. Alitua na kisigino, na ndoo nzima ya rangi ikaja nyuma yake juu ya zulia la rangi ya maziwa.

Sasa hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Mtu wa bima alikuja kuliona zulia. Alilipiga picha pande zote, akapiga magoti, akaligusa, akaandika. Mimi nilipokwenda kule kuchukua pikapu, bado bandeji ya kwanza ya Elphas haijabadilishwa, nikakuta mafundi wanatandika zulia jipya, na yule mama mwenye nyumba, mtu mzuri sana, akanishika mkono akaniambia nisijali kitu, kila kitu kimelipwa. Kila kitu! Nilikaa kwenye pikapu nikalia mpaka nikashindwa kuona kioo cha mbele. Zulia la watu lina mtu wa kulipigia magoti, na mume wangu amelala na vyuma kwenye mguu, hospitali walimfanyia cha dharura tu, daktari anasema anahitaji upasuaji mwingine na mazoezi ya muda mrefu, la sivyo hatapanda ngazi tena maishani, na ofisi ya malipo inataka kujua kwanza ni nani analipa.

Na chama? Wacha nikwambie habari za chama. Alipoanguka, kuna mtu alisikia vibaya akaeneza kwamba amefariki. Kesho yake asubuhi mwenyekiti akanipigia simu kabla sijanywa chai. "Pole sana mama, tumesikia, ni Mungu tu. Usiwe na worry, committee iko ready, tuna-meet leo, na nimesha-call mtu wa funeral home. Mwili uko hospitali gani?"

Nikamwambia, "Mwili unakunywa supu."

"Ati?"

"Elphas ako hai. Amevunjika mguu."

Mama Cherotich, nikamsikia yule mzee anavuta pumzi, halafu akasema, "Aaa. Praise God. Basi tutapitia Sunday after church." Sauti ilikuwa imeshuka kabisa, ya mtu aliyefika na lori akaambiwa mzigo haupo. Walikuja kweli hiyo Jumapili, wakaomba, wakaimba, wakala, na mimi nikiwa jikoni nakaanga chapati za nyongeza nikamsikia mwenyekiti akimweleza mume wangu, kwa upole kabisa, kwamba katiba ya chama inataja kifo tu, na wao mikono yao imefungwa. Yaani mtu aliyewasimamia matanga yao yote alikuwa anaambiwa hajahitimu. Waliacha soda na kadi ya kumtakia nafuu.

Aliyekuja kwa maana ni mmoja. Bwana Charlotte. Alishuka na barabara ya 45 na ngazi zake juu ya gari, akaenda moja kwa moja Sugar Land, akaumaliza ukuta aliouacha Elphas, akamletea Elphas malipo yote ya kazi kwenye bahasha, akakataa hata chai akasema anawahi nyumbani kukaa na watoto, Charlotte ana zamu. Elphas hakumtazama usoni. Alisema "asante" akiangalia televisheni.

Nilidhani hapo ameelewa. Wapi! Sasa anataka nichapishe kadi za harambee nizizungushe kwenye makanisa yote kutoka hapa mpaka Fort Worth. Anasema, "Nimezika watu hawa wote, wacha na wao wanichangie." Nikamwambia Novemba ndiyo hii, niandike jina lake kwenye bima yangu, akasema, "Ukiniandika huko, usiniite mume tena." Binti yetu Kerubo alikuwa mezani, akainua kichwa akauliza, "Mom, we're all on your card. Why isn't Dad?" Baba yake akaongeza sauti ya televisheni.

Nimechoka, Mama. Nampa dawa zake na moyo wangu umefungwa kama nahudumia mume wa mtu mwingine. Nafikiria kumwingiza kwenye bima kimyakimya na nisimwambie kitu, na upande mwingine naogopa akijua nyumba itavunjika. Au nizungushe hizo kadi za harambee nimalize aibu yangu? Nishauri, na usinionee huruma sana, nimekwisha kuonewa huruma na watu wanaokula chapati zangu.

Mwenye Kadi,
Stafford

*

Mwenye Kadi,

Pole. Nimekupa moja, itunze, sina nyingine mpaka mwisho.

Nianze na lile ambalo wewe kama muuguzi unalijua lakini hukuliandika, kwa sababu linauma. Bima utakayoichukua leo haikununuliwa kwa ajili ya mguu uliovunjika mwezi wa tisa. Kwa kawaida ukisaini Novemba inaanza kulinda Januari, na bili za kabla ya hapo haizigusi, kwa hiyo kuna muda wa kungoja. Kwa hiyo usiingie ofisini ukidhani unakwenda kuokota muujiza. Kesho asubuhi, kabla ya zamu, nenda kwenye ofisi ya wafanyakazi uulize mambo haya kwa mdomo wako: akiingia, ataanza kulindwa lini? Mguu huu utalipiwa, na kama si sasa, ni kuanzia lini? Na je, mtu aliyejiajiri akiumia akiwa kazini, bima hii inamlipia au inamkimbia? Hilo la mwisho wengi hawaulizi, na fundi huumia kazini, haumii akiwa kwenye kochi. Taka jibu la maandishi, kisha utie saini fomu ya kumwandika. Saini inayotakiwa ni yako.

Halafu urudi kwa daktari wa Elphas umuulize kama upasuaji wa pili unaweza kungoja muda huo bila kumharibia mguu. Kama unaweza, ngojeni. Kama hauwezi, usingoje. Nenda kwenye ofisi ya hospitali inayosaidia wasio na bima, omba mchanganuo wa kila walichokiandika, omba wapunguze, omba kulipa kidogokidogo. Unafanya kazi hospitali, mama! Kila siku unawaelekeza wagonjwa wa watu kwenye ule mlango. Wako umemwelekeza wapi, kwenye televisheni?

Sasa nikugombeze, maana umesema hutaki huruma. Kila Novemba ulimuuliza, akakataa, ukanyamaza ili nyumba iwe na amani. Mgonjwa akikataa sindano unamnyamazia? Unavuta kiti, unakaa, unamweleza mpaka aelewe au achoke. Lakini mumeo ulimwachia kwa mzaha mmoja wa nyama choma, ukauita huo unyamavu heshima. Ulikuwa woga, na kisigino kilichovunjika hakikuwa chako. Nimekwambia, na sirudii.

Ila kumwandika kwa siri, hapana. Ukimwingiza bila kumwambia utakuwa umemfanya mtoto kweli, jambo ambalo alikuwa akililia muda wote huku halipo. Mwambie kabla hujaenda, zima hiyo televisheni, mwambie hivi: "Kesho nakuandika. Sikuombi ruhusa, nakupa habari. Ukitaka nisikuite mume, nitakuita baba Kerubo, lakini kwenye kadi utakuwepo." Kisha nenda kazini. Wanaume wengi wanaotishia kuhama nyumba hawajui hata sanduku liko wapi, na huyu wako ana mguu mmoja.

Kadi za harambee usichapishe hata moja kabla ya hilo. Watu unaotaka kuwapelekea ni akina dada wanaofanya zamu mbili kwenye nyumba za wazee, ni vijana wa maghala ya Grand Prairie wanaolala wamekaa. Hao ndio uwaombe, wakati kazini kwako kuna nafasi aliyoikataa kila mwaka kwa kuogopa kuchekwa? Akiishaandikwa, na kama bado mguu utahitaji msaada, hapo mimi mwenyewe nitachanga, na nitapiga simu kwa wengine.

Na hapa nawaambia mafundi wote mnaosoma ukurasa huu mkijifanya mnatafuta habari za mpira. Wapaka rangi, wa mabomba, wa vigae, wa paa, nyinyi nyote. Pikapu mmeikatia bima kwa sababu polisi anawasimamisha. Mali ya wateja mmeikatia kwa sababu makontrakta hawawaruhusu kuingia. Maiti zenu mmezikatia kwa sababu mnaogopa kuzikwa ugenini. Kila bima mliyo nayo kuna mtu aliwalazimisha, na mwili wako ulio hai, kwa kuwa hakuna wa kukulazimisha, umebaki nje peke yake. Acheni! Mwenye mke au mume aliye na bima kazini aingie humo Novemba hii. Asiye na huyo atafute wakala, achukue hata ile ya kujilipia homa na kikohozi mwenyewe na kampuni ibebe likiwa kubwa, kwa sababu homa haijamfilisi fundi, kuanguka ndiko kunakomfilisi. Muulize wakala mbele ya shahidi, "Nikianguka kwenye ngazi yangu ya kazi, mnalipa?" Akianza kuzungukazunguka, mwage. Halafu uliza ni bima gani itakayowalisha watoto ukiwa umelala miezi kadhaa bila kushika brashi. Ngazi zikiibiwa utaazima za mwenzako. Mguu hauazimwi.

Na nyinyi wa chama. Mimi nimepika pilau ya matanga mengi kuliko viongozi wengi mlivyohudhuria mikutano, kwa hiyo nitasema ninavyotaka. Mna kamati ya mwili, hamna kamati ya mtu. Mwanachama akifa mnapata ukumbi siku hiyohiyo, akivunjika mnapata katiba. Mwenyekiti, kama mikono yako imefungwa, mbona ilifunguka kwenye sahani ya chapati? Itisheni mkutano mbadilishe kipengele kimoja, kwamba mwanachama aliyeumia asiweze kufanya kazi achangiwe angali anasikia. Mkishindwa, badilisheni jina la chama, watu wajue wanachonunua.

Elphas, sasa wewe. Najua unasoma, kwa sababu mguu uko juu ya stuli na gazeti liko karibu. Mkeo amekusitiri vizuri, amekubadilisha hata jina, kwa hiyo tunaweza kusemezana bila watu kujua. Kinachokuzuia wewe si kadi. Ni kwamba ulimpa mwenzako jina la kumdhalilisha, likapendeza watu, na sasa unaogopa lisije likakurudia. Mpigie simu Dedan leo. Usimwite Bwana mtu yeyote. Mwite Dedan, mwambie umekosa, na nyama choma ijayo uyaseme hayohayo ukiwa umesimama mbele ya walewale waliocheka. Utaona kadi inavyokuwa nyepesi. Yule uliyesema amekaliwa ndiye aliyepanda ngazi mahali uliposhindwa wewe kupanda, akakuletea jasho lake kwenye bahasha. Wale uliosimama ukawachekesha walikuletea soda.

Uko tayari kusaidiwa na makanisa yote kutoka Houston mpaka Fort Worth, isipokuwa na mwanamke mmoja, na huyo ndiye anayekupa dawa. Fikiria hilo pole pole, una muda.

Halafu fikiria na hili. Nimesoma matangazo mengi ya vifo katika mji huu, mengine nimeyaandika mwenyewe, na yote yanakwenda hivi: mume wa fulani, baba wa fulani na fulani. Jina la mke linatangulia, kwa herufi kubwa, linasomwa kanisani, linabandikwa kwenye maduka, na sijawahi kuona mwanaume akiinuka kwenye jeneza kulikataa. Siku ile mwenyekiti alipopiga simu, tangazo lako lilikuwa karibu kuandikwa, na lingeandikwa hivyohivyo. Kwa kuwa bado unakunywa supu, kubali jina hilohilo kwenye kadi.

Mama Cherotich